Kwa Nini Nilichelewesha Kumaliza Vita vya Ndege

Vijana wa redio, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, mkanipa na karatasi zenye mistari kana kwamba nimeingia chumba cha mtihani. Haya, naandika. Mishahara sitaizungumzia, maana hata nilipokuwa naipokea hatukuwa na mengi ya kuzungumza mimi nayo. Vyeo navyo niviache. Nilianza nikiwa mtangazaji, nikamaliza nikiwa mtangazaji mwenye miwani.

Redio yetu ilianzia chumba cha nyuma cha jengo kuukuu hapa Lushoto mjini. Kuta tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na trei tulizipata kwa jirani aliyefuga kuku. Tulipomaliza trei zake, jirani akaona ni haki yake kuwahamishia kuku chini ya dirisha letu. Ndiyo maana kanda zote za miaka ile zina jogoo. Mmezihifadhi vizuri kabatini, na mkisikiliza taarifa za misiba ya wakati ule mtamsikia anawika bila aibu. Mitambo yenyewe ilikuwa mashine moja iliyopenda kutafuna kanda, na kipaza sauti kilichovalishwa soksi ili kisivume. Soksi ya pili sikuwahi kuiona, wala sikuuliza.

Aliyenifundisha kazi ni Bi. Mwanaidi, Mbondei wa Muheza, mama mwenye mwili mkubwa na sauti nyembamba. Alikuwa na uwezo wa kumenya chungwa huku anasoma taarifa ya habari na wewe nyumbani usisikie chochote. Kila alipotoka kwao likizo alikuja na gunia la machungwa, na wiki nzima studio ilinukia vizuri kuliko tulivyostahili.

Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya kipaza sauti akasema, "Wasalimie watu." Sasa mimi nimelelewa huku milimani, kwa wazazi Walutheri wasiotania na salamu. Nikawaza, wanaonisikiliza wengi ni wakubwa zangu. Kuna wachungaji, kuna walimu walionichapa, kuna mama yangu mzazi. Nikasema, "Shikamooni." Halafu nikanyamaza, nasubiri waitikie. Utaendeleaje kuongea na mtu mzima ambaye hajaitikia salamu yako? Kimya kikatanda wilaya nzima. Jogoo akawika. Mimi bado nasubiri. Bi. Mwanaidi alipoona tutakesha, akainamia kipaza sauti na kuitikia kwa niaba ya milima yote: "Marahaba, endelea."

Jioni mama aliniambia kwamba nyumbani waliitikia wote, tena kwa sauti. Alinishangaa kwa nini nilikuwa sisikii.

Bi. Mwanaidi ndiye aliyeanzisha kipindi cha Dunia na Kwetu, nami nikakirithi alipostaafu. Mpangilio wake haukubadilika. Sehemu ya kwanza ni kisa cha ajabu cha historia ya dunia, sehemu ya pili ni jambo zuri lililofanywa na watu wa huku kwetu kwa mikono yao. "Watu wakisikia ya kwao tu watajivuna," alisema, "na wakisikia ya wenzao tu watanung'unika. Wape vyote, wachanganyikiwe kidogo." Basi nilisimulia meli ya kifalme ya Uswidi iliyopambwa ikapambika, ikazama siku yake ya kwanza majini huku waliokuja kuiaga bado wanapunga mikono. Nikitoka hapo naingia kwa wanakijiji wa upande wa Bumbuli waliobeba tangi la maji mabegani kupanda kilima ambacho hata mbuzi hukipanda kwa kufikiri. Au nilisimulia mji mmoja wa Ulaya ambako watu walishikwa na kucheza ngoma wakashindwa kuacha, na wakubwa wa mji wakawaletea wapiga muziki eti ndiyo tiba. Kisha nawasifu kina mama wa kikundi fulani waliochonga barabara kwa majembe.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonitia matatani. Kila kijiji kilitaka kutajwa. Yuko bwana mmoja aliyepiga simu kueleza kwamba ng'ombe wake amezaa mapacha na akataka yatangazwe kama mafanikio ya jamii. Nikamuuliza jamii imehusikaje. Akajibu, "Tulikuwepo." Mwisho nikamtangaza, maana vinginevyo angepiga hadi leo.

Sasa niwaeleze lile ambalo vijana mnaniuliza kila siku, kwa nini niliwahi kusimulia kisa kimoja karibu msimu mzima.

Siku moja nilipanda juu ya Mlola, kwenye kitongoji kimoja kilichobanana na msitu, kwenda kurekodi habari ya darasa jipya. Wananchi walikuwa wamelijenga kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo usipotokea watu hawakulaumu, wanakusalimia tu kwa namna utakayoikumbuka. Darasa lilikuwa zuri kwelikweli, bati linang'aa, madirisha yamekaa sawa. Mwalimu mkuu akanifungulia mlango. Ndani mlikuwa na madawati na hewa.

"Darasa la saba wako wapi?" nikamuuliza.

"Wako mashambani, wanalinda mahindi," akasema, na akatazama pembeni. "Mahindi yakianza kukomaa, nyani wanashuka. Wazazi wanawaweka watoto zamu. Mtihani wa taifa unakuja, Mzee Ezra, na mimi nina wanafunzi wa mvua tu. Mvua ikinyesha nyani hawaji, watoto wanakuja."

Niliteremka shambani nikamkuta Penina, binti aliyekuwa wa kwanza darasani wakati bado lilikuwa na watu. Amekalia jiwe, debe tupu liko mapajani kwa ajili ya kupiga, na juu ya debe ameweka daftari la hesabu. Akanipa shikamoo bila kuondoa macho kwenye mahindi. Nikamuuliza kama nyani wanamwogopa.

"Hawaniogopi, babu. Mtoto wanamjua. Mtu mzima ndiye wanamkimbia. Mimi nikipiga debe wanasogea hatua mbili, wananitazama, wanaendelea kula."

"Na hesabu?"

"Nafika katikati ya swali, wanaingia. Nikirudi nimesahau nilikuwa nabeba namba gani."

Alilisema hilo bila kulalamika, nami roho iliniuma. Nikaenda kwa baba yake, Mzee Zakaria, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Nikamwambia binti yake atafeli si kwa sababu hajui, bali kwa sababu hayupo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umesema kweli," akajibu. "Na nyani wakimaliza mahindi, mtihani huo ataufanya na tumbo gani? Mimi na mama yake tuko kwenye viazi bonde la pili tangu alfajiri. Nipe mtu mzima wa kukaa pale, Penina arudi shule leo hii."

Sikuwa na mtu mzima wa kumpa. Nilikuwa na redio ndogo ya betri mfukoni. Nikamwambia nyani wanaogopa sauti ya mtu mzima, na mimi ni mtu mzima, nasikika asubuhi kwenye kipindi, na mchana kipindi kinarudiwa. Aitundike mtini katikati ya shamba, ajaribu. Alinitazama kama anayepima gunia, akaichukua.

Siku ya tatu akapiga simu ofisini. Amejaribu kituo cha muziki, nyani walikula huku wamechangamka. Amejaribu mahubiri, walikula kwa utulivu. "Lakini ukianza kuongea wewe," akasema, "wanatoka mbio na watoto wao mgongoni. Jike moja liliangusha hindi lililokuwa mdomoni." Nilimshukuru, ingawa mpaka leo sijui kama nilikuwa nasifiwa. Kesho yake Penina alikuwa darasani, na jirani zake wakatundika redio zao pia. Kule juu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilikuwa natangaza kwenye shamba zima.

Nilitembea hapa mjini kifua mbele kwa wiki moja. Nikawaambia hata wauza mboga sokoni. Kisha Mzee Zakaria akapiga simu tena, safari hii hewani, katikati ya kipindi, wilaya nzima inasikia.

"Bwana mtangazaji, nyani wamekuzoea."

"Wamenizoea vipi, Mzee Zakaria?"

"Dume kubwa limekaa chini ya redio hivi sasa. Linakutolea chawa."

"Linanitolea mimi?"

"Linajitolea lenyewe, lakini limeelekea kwako. Ongea kwa ukali kidogo."

Basi nikaongea kwa ukali. Mngenisikia wiki ile. Nilitangaza bei ya kabichi kama mtu aliyeibiwa kabichi. Nilisoma salamu za pongezi za harusi mpaka bibi harusi akapiga simu kuuliza amekosa nini. Kutoka Bumbuli aliniuliza muuguzi mmoja kama ninapima presha. Meneja wetu wa wakati ule, Bwana Faraji, kijana mtaratibu kutoka Tanga mjini, akaniita akaniuliza kama kuna tatizo nyumbani. Nikamwambia tatizo liko juu ya Mlola na lina mkia. Alichukua muda kunielewa, na sidhani kama alimaliza.

Ukali nao nyani wakauzoea. Penina akarudi kwenye jiwe lake na debe lake. Mwalimu mkuu alinipa habari hiyo kwa simu kwa sauti ya chini kama anayetoa taarifa ya msiba, nami nilikaa studio na kile kipaza sauti nikijiona mpumbavu mkubwa. Mtihani ulikuwa unakaribia. Nilikuwa nimempa mtoto wiki mbili za shule na kumrudisha kwa nyani.

Siku hizohizo, kwenye sehemu ya kwanza ya kipindi, nilikuwa nimeanza kisa cha Australia. Huko kuna ndege anaitwa emu, mrefu kama mtu, haruki lakini mbio zake hazisemeki. Walishuka maelfu kwenye ngano ya wakulima wakaifanya walivyotaka. Wakulima wakalia kwa serikali, na serikali, badala ya kuleta ushauri, ikaleta wanajeshi wenye bunduki za rashasha. Hii ni historia ya kweli, sikuitunga. Nilipanga kuimaliza kwa siku moja. Nilipofika pale wanajeshi wanapotega bunduki, muda ukaniishia, nikasema tutaendelea kesho.

Kabla sijatoka studio simu ikalia. Ni mzee wa kitongoji kilekile, wala si Zakaria. Hakusalimia, jambo ambalo kwetu ni dalili ya hatari.

"Hao ndege, waliwapata?"

"Tutaendelea kesho, mzee."

"Tumekaa hapa shambani wazee sita tunasubiri. Tulikuja kuona kama ukali wako unafanya kazi. Haufanyi. Lakini hao wanajeshi tunataka kujua mbinu yao, maana yetu imekwisha."

"Na nyani wako wapi?"

Nadhani aligeuka kutazama kwanza. "Hawapo," akasema. "Wangekujaje na sisi tumejaa hivi?"

Niliishika ile simu muda mrefu baada ya yeye kukata. Wazee sita walikuwa wamekaa shambani, tena kwa hiari yao, tena wanangoja kesho.

Vijana wangu, tangu siku ile sikuwa na haraka. Sikuongopa hata neno moja. Nilipunguza mwendo tu. Bunduki ilikwama wanajeshi wakiwa wamewalenga ndege kundi zima, hilo ni kweli, na mimi niliikwamisha kwa siku mbili. Walipofunga bunduki juu ya gari ili wawafukuze ndege, gari likarukaruka kwenye mashimo hata askari asiweze kulenga. Hapo nikasimama nikaeleza gari ni nini, injini ni nini, na kwa nini barabara ya kwetu ya Mlola ingewafaa sana kwa zoezi hilo la kushindwa. Siku nzima nilieleza mguu wa emu peke yake. Niliuliza wasikilizaji, wewe ungekuwa mkuu wa kikosi hicho ungefanyaje? Wakapiga simu mpaka laini ikaelemewa. Bwana wa ng'ombe mapacha alishauri wanajeshi watumie wavu.

Kule juu mambo yakanoga. Wazee walikuja na viti. Kina mama wakaja na maharage ya kupukuchua, maana kusikiliza na mikono mitupu ni uvivu. Kipindi cha asubuhi kikiisha hawakuondoka. Walibaki wakibishana kuhusu mbinu za vita hadi marudio ya mchana, ili wahakikishe nani alisikia vibaya. Ikaonekana viazi vya bonde la pili vinaweza kupangiwa zamu, wengine wakilima na wengine wakibishana, kisha wanabadilishana. Wakaiita msaragambo wa kusikiliza. Mtu asipotokea alisalimiwa kwa ile namna. Na mwalimu mkuu akanipigia tena, sauti imempanda, kusema madawati hayatoshi.

Bwana Faraji hakufurahi. "Mzee Ezra," aliniambia, "nimesoma kidogo habari za hiyo vita. Wewe umeisimulia muda mrefu kuliko ilivyopiganwa. Kesho imalize, tuna muziki wa kuweka."

"Siimalizi mpaka darasa la saba wamalize mtihani."

"Hii ni redio, si ofisi ya elimu."

"Najua. Wewe umesoma mpaka mwisho?"

Akajikuna shingo. Hakuwa amefika mwisho, alikuwa amesoma kwenye simu na salio likakata. "Kwani nani alishinda?" akauliza.

"Tutaendelea kesho," nikamwambia.

Muziki haukuwekwa. Kila asubuhi nilimwona ameegemea mlango wa studio na kikombe chake cha chai, anajifanya anakagua bawaba.

Jioni ile watoto walipotoka kwenye karatasi ya mwisho, mwalimu mkuu alinitumia ujumbe wa neno moja: "Wamemaliza." Kesho yake nikamaliza na mimi. Nikasema ukweli kama ulivyo, kwamba wanajeshi walifungasha bunduki zao wakaondoka, na ndege wakabaki kwenye ngano. Emu walishinda.

 Simu zikalia zote. Mmoja alitaka rufaa. Mwingine alisema ningewaambia mapema wasingekaa juani wakiwashangilia wanaoshindwa. Mama mmoja alidai mimi ndiye niliyeuza mechi. Mwisho akaingia Mzee Zakaria. Watu wote walimngoja aseme jambo, kwa kuwa yeye ndiye aliyetundika redio ya kwanza.

"Hao wanajeshi," akasema polepole, "walikaa na ndege shambani kutwa nzima?"

"Hapana. Walipiga, wakaondoka, wakarudi, wakaondoka."

"Ndiyo maana. Sisi tumekaa. Mahindi yetu yako darini." Akakata simu.

Matokeo yalipotoka nilimwalika Penina studio, aje asimulie kwenye sehemu ya pili ya kipindi. Alikuwa amefaulu, na wenzake wengi wa darasa lile walifaulu, safari hii wakiwa na jina la shule yao kwenye orodha ya kutajwa kwa uzuri. Alikuja na baba yake, wote wamevaa nguo za kanisani. Mzee Zakaria akakaa kwenye stuli ya pembeni, kofia magotini. Nilimtambulisha binti kwa wasikilizaji, nikamuuliza habari za masomo, akajibu vizuri, kwa ufupi kama baba yake. Kisha mimi, kwa majivuno ambayo Bi. Mwanaidi angenipigia ganda la chungwa, nikamuuliza hewani: katika kisa chote kile cha vita vya ndege, sehemu gani ilimfurahisha zaidi?

Penina akainamisha kichwa. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akawa kama mtu anayeogopa kuvunja adabu ugenini.

"Unisamehe, babu," akasema. "Mimi sijawahi kukisikia kipindi chako hata siku moja. Nilikuwa darasani."

Nilifungua mdomo ili niendelee na swali linalofuata. Lilikuwepo, nililiandika mwenyewe, na sikuweza kulisoma. Kimya kikatanda, na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha nyote kwamba kimya hewani ni kosa. Mzee Zakaria alisubiri kwa heshima. Alipoona hali haibadiliki akainuka kwenye stuli, akakiinamia kipaza sauti bila kujua umbali wake, midomo ikagusa.

"Wasikilizaji," akasema, "mtangazaji analia. Mvumilieni kidogo."